Alama ya Mkwizu

Mkwizu, tajiri wa magodoro pale Korogwe, aliheshimu maandishi ya kibao kimoja tu, kile cha dukani kwake: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Godoro likibonyea baada ya wiki, mteja alionyeshwa kibao.

Siku moja alimwita Chausiku, mpangaji wake aliyemtengenezea tovuti.

"Alama ya heshima ambayo mtandao unaipa tovuti yangu ni tatu kwa mia, ya mshindani wangu ni arobaini! Usipoipandisha mwezi huu, uhame chumba changu."

"Heshima hiyo mtu hajipi mwenyewe, mzee," Chausiku alijibu kwa upole. "Tovuti kubwa zikikutaja na kuelekeza watu kwako, ndipo alama inapanda."

"Basi zinitaje!"

"Niandike lolote la kuzivutia?"

"Andika hata kwamba nilizaliwa na meno! Mimi natazama alama tu."

Kabla mwezi haujaisha, tovuti za magazeti zilimtaja moja baada ya nyingine, na alama ikapaa. Mkwizu akatembea kifua mbele. Mwandishi mmoja alipompigia simu kuuliza kama maneno ya kwenye tovuti ni yake kweli, alinguruma: "Kila neno! Na nitalitimiza!"

Kesho yake alikuta umati mlangoni, kila mtu na godoro lililobonyea.

"Mmefuata nini hapa?"

Mama mmoja akamwonyesha simu. Tovuti yake ilisema: "Mkwizu ametubu. Rudisha godoro bovu, upewe jipya."

Akageuka kumtafuta Chausiku. Alimwona wa kwanza kwenye foleni, godoro kichwani.

"Shikamoo, mzee."