Shada la Jemadari Mbogo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na meko, na asubuhi wakimshukuru Mola kabla ya kutia uji mdomoni, wanyama wa bondeni waligombana na ngiri wa ng'ambo ya kilima. Waligombea majani ya mbuga. Ugomvi ukakua, ukawa vita.

Vita vinataka mkuu. Siku ya kumchagua, kila mnyama alileta kokwa moja ya ukwaju, aitie katika mtungi wa yule amtakaye. Mitungi ilikuwa miwili.

Bi Kanga alisimama kwanza. "Jamani, nitumeni mimi. Nitakwenda kwa hao ngiri, tukae mkekani tuzungumze. Majani yakiliwa huota tena. Watoto hawaoti."

Wakamcheka. Kwa kwa kwa! "Kanga anataka kwenda kunywa chai na adui!"

Mbogo hakusema mengi. Alipiga kwato chini, di! di! di! "Mwezi mmoja! Nipeni mwezi mmoja tu, ngiri watakula vumbi!"

Bi Pimbi alikuwa amepanda juu ya jiwe ili aone, maana alikuwa mdogo. Kusikia kishindo kile, moyo ulimruka. Alitia kokwa yake katika mtungi wa Mbogo, tena akapiga na vigelegele, lililililili!

Mbogo akashinda, akawa Jemadari. Mwezi ukaisha. Ikapita miaka mitatu. Bi Pimbi alikuwa na wana wawili wa kiume. Wa kwanza aliletwa nyumbani amefunikwa majani. Wa pili hakuletwa kabisa. Mama yule alilia, akasali, akasema, "Mola alinipa, Mola amewachukua." Majirani wakaitikia, "Amina." Lakini kila alipokaa kupepeta mtama aliutazama mkono wake wa kulia, akasema moyoni, "Ni wewe uliyetia ile kokwa."

Asubuhi moja Mbweha, tarishi wa Mbogo, alipita na baragumu. Puuu! Puuu!

"Enyi akina mama! Wavulana wamepungua! Kesho kutwa wasichana nao waende!"

Bi Pimbi aliacha ungo ukaanguka. Alikuwa amebakiwa na binti mmoja tu, jina lake Tatu.

Alikwenda mbio kwa Bi Kanga. "Dada yangu, nilikucheka siku ile. Nisamehe."

"Ulicheka na bonde zima," Bi Kanga akasema. "Mimi nilishasamehe. Ingia ndani."

"Yule bwana tumwondoeje?"

"Hatuwezi. Mkuu wa vita haondolewi mpaka vita viishe."

"Na vitaisha lini?"

"Si unaijua desturi? Siku atakapooga."

Desturi ilikuwa hivyo, wanangu. Mkuu wa vita haogi. Akiingia majini mbele za watu, vita vimekwisha, na kiti anakirudisha. Wazee wa zamani walidhani hakuna atakayevumilia uchafu miaka mingi. Hawakumjua Mbogo! Alinuka hadi inzi wakampisha. Mkewe alihamia jikoni. Mwenyewe akijipiga kifua, "Hii ndiyo harufu ya ushindi!"

Bi Pimbi akasema, "Anapenda sifa, sivyo?"

"Kuliko chakula."

"Basi niazime kisu chako."

Alikwenda kichakani anakookotea kuni, akajifunga majani ya mgomba mikononi, akakata upupu. Mnaujua upupu? Maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri kama mahameli. Mazuri kutazama tu! Ukiyagusa utajikuna hadi umsahau mamako. Bi Pimbi aliyasuka polepole, ganda kwa ganda, likawa shada kubwa la kuvaa shingoni. Akisuka, anaomba, "Ewe Mola, sitaki afe. Nataka aoge."

Siku ya kuwachukua wasichana, watu wote walikusanyika ukingoni mwa mto. Tatu alisimama mstarini, ameshika mkuki unaomzidi urefu. Bi Pimbi akajitokeza, shada analo juu ya jani pana.

"Jemadari! Mimi nilikupigia vigelegele siku ile. Wanangu wawili wamekwisha, na leo unamchukua wa tatu. Kabla hujamchukua, nimekuletea vazi la heshima."

"Dhahabu?" Mbogo akauliza, macho yamemtoka.

"Hakuna jemadari aliyewahi kuvaa kitu kama hiki."

Akina mama waokota kuni waliliona shada wakalitambua. Hata mmoja hakukohoa.

Mbogo hakuwahi kuokota kuni maishani mwake. Akainamisha kichwa, akavaa, akajitikisa watu waone. "Nimependeza?"

"Mno!" wakasema akina mama.

Ngozi ya Mbogo mkuki hauipenyi. Lakini sikio ni sikio, na pua ni pua. Mara sikio likacheza, piku! Pua ikafuata.

"Mh! Nani ananitekenya?"

Akajikuna. Kumbe kadiri anavyojikuna ndivyo upupu unavyosambaa. "Wu! Wu! Ninawaka! Mama yangu wee!" Akajisugua kwenye mti, mti ukaanguka. Akabingirika mchangani. Mwisho akakimbia, akajitupa mtoni. Chubwiiii!

Maji yakawa meusi. Bonde zima likasema, "Ameoga!"

"Sikuoga!" Mbogo akanguruma. "Nimeanguka!"

"Basi toka, Jemadari," Bi Pimbi akasema kwa adabu.

Mbogo akatoa pua nje. Pua ikawaka. "Wu!" Akairudisha.

"Umeanguka au unaoga?" akauliza Bi Kanga.

Akatoa sikio. "Wu! Wu!" Akazama hadi pembe, akaibuka akihema. "Naoga! Naoga jamani, vita na vife, niacheni nioge!"

Kelele zilizopigwa hapo, wanangu! Tatu alitupa mkuki akamkumbatia mama yake.

Bi Pimbi akasogea ukingoni. "Jemadari, ule ni upupu, na aliyeusuka ni mimi. Nilikuchagua, na nimekuondoa. Kaa majini hadi uchungu upoe. Nitakuletea majivu ya kujisugua."

Mbogo alimtazama. Uchafu wa miaka mitatu ulikuwa unamtoka, na kwa mara ya kwanza uso wake ulionekana. Ulikuwa umechoka. "Nilikuwa nimesahau maji yalivyo matamu," akasema taratibu.

Siku hiyohiyo Bi Kanga na Bi Pimbi walibeba mkeka, wakapanda kilima. Ngiri mmoja mzee aliwapokea, naye ni mama aliyefiwa. Walikaa. Kwanza walilia pamoja, kisha wakaigawa mbuga. Lilikuwa jambo la kutwa moja tu.

Nanyi mkue mkijua: mkono uliokosea kuchagua usiukate, utumie kutengeneza.