Kubazi la Mguu wa Kulia

"Paukwa," nikasema, nikanyoosha miguu mbele kama msimulizi mkubwa.

Hakuna aliyejibu pakawa. Watu wote uani walikuwa wanaitazama miguu yangu. Mguu wa kushoto ulikuwa na ndara yangu. Mguu wa kulia ulikuwa na ndara ya mama mkwe, ile nyekundu yenye ua, kisigino changu kimebaki nje kama muhogo. Na mama mkwe mwenyewe ameketi mkekani, mguu mmoja peku, anatazama pembeni kwa heshima.

Jamani, nimevuka mipaka saba, nimelala kwenye stesheni ambazo hata treni imezisahau, sijapata kuaibika hivyo. Kosa ni la mbwa wangu wawili, machotara wasiotulia. Asubuhi walitoroka na ndara yangu, nami nikatia mguu katika ile iliyokuwa karibu. Mama mkwe akasema kwa upole kwamba mtu asiyevijua viatu vyake aianze hadithi upesi, watu wasipate muda wa kumtazama.

Basi naianza. Hadithi naileta.

"Ilete, tumeketi."

Ina mkia mrefu.

"Ushike, isituponyoke."

Hapo zamani za kale, mbwa na mtu walipokuwa wakisemezana bila mkalimani, paliondokea mtu jina lake Mbonea, na mkewe Nakijwa. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na mbwa wawili, ndugu. Mama yao mbwa wa nyumbani, baba yao mbweha aliyepita njia na asirudi. Mmoja alikuwa na masikio ya mbweha, mwingine mkia wa mbweha, na wote wawili miguu isiyojua kukaa. Watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wakiuliza kila siku hao ni mbwa wa namna gani. Mbonea akawapa majina ya kuwajibu. Mmoja akamwita Hayawahusu. Mwingine akamwita Mtachoka.

Nyumba ikawa mchezo mtupu. Leo wamepindua mtungi, kesho wamefukuza kuku mpaka juu ya paa, keshokutwa wamekimbia na nguo ya Nakijwa kama bendera. Nakijwa akiwafukuza kwa mwiko, na jioni akiwapa ukoko wa ugali kwa mkono uleule.

Mbonea alikuwa mtu wa safari. Alikwenda kufuata chumvi. Alikwenda kufuata majembe. Alikwenda kufuata habari tu, na hapo naomba nisiulizwe mimi. Kila akiaga husema, "Leo nina jambo kubwa, la haraka." Akirudi, jambo kubwa ni chumvi.

Mbwa walikuwa wakimpenda. Akiondoka hawachezi, hawali. Hayawahusu akamwambia ndugu yake kuwa dawa ya msafiri ni kumzuia.

Safari ya kwanza wakaficha fimbo yake. Mbonea akakata nyingine, akaenda.

Safari ya pili wakaficha kibuyu chake cha maji. Mbonea akachukua cha mkewe, akaenda.

Safari ya tatu wakaficha kubazi lake moja, la ngozi ya nyati, la mguu wa kulia. Mbonea alikuwa na miguu mipana kama sinia, hakuna kiatu kingine nchi nzima kilichomwenea, na njia yote ni uwanda wa miiba. Akatafuta, akawakimbiza kuizunguka nyumba mara tatu, akachoka, akaketi, akacheka. Safari ikafa. Walipomrudishia kubazi akawapa kila mmoja mfupa.

Ikawa ndiyo desturi. Akitaja safari, kubazi haliko. Akicheka, mifupa inatoka.

Nakijwa akamwambia, "Mume wangu, wewe unacheka. Wao wanajifunza."

Mbonea akacheka na hilo.

Siku moja, jua halijafika utosini, Nakijwa alikuwa akichuma majani ya maboga, nyoka akamuuma kifundoni. Mbwa walikuwa mtoni wakifukuza vipepeo, hawakuona. Mbonea akambeba mkewe, akamlaza mlangoni penye upepo, akamfunga mguu kwa kitambaa. Mganga wa nyoka alikuwa ng'ambo ya uwanda wa miiba. Mwenye mbio angefika na kurudi naye kabla jua halijaelemea magharibi. Baada ya hapo sumu ingeufikia moyo.

Mbonea akavaa kubazi la kushoto. Akanyoosha mkono kuchukua la kulia. Mbwa wamerudi kutoka mtoni, na Mtachoka ameshaliona, ameshalinyakua, ameshatokomea nyuma ya nyumba.

Mbonea akaita mara ya kwanza. Akasema leo kuna jambo kubwa, la haraka. Mbwa wakacheka. Hiyo chumvi, wakasema.

Akaita mara ya pili, akawakimbiza. Wakaizunguka nyumba mara tatu, wakifurahi, mikia juu, wakidhani Nakijwa pale mlangoni amejipumzisha tu.

Mara ya tatu hakuita. Alipiga magoti mchangani, akalia. Mbwa hawakuwahi kumwona mtu mzima akilia. Mikia ikashuka.

"Liko wapi?" akauliza.

Mtachoka akakimbilia shamba la viazi alikolifukia. Akafukua hapa, halipo. Akafukua pale, halipo. Akafukua kule, halipo. Kichwa cha mchezo hakiweki alama. Na jua halikumngoja.

Mbonea akaenda na kubazi moja.

Mtachoka akabaki akifukua. Hayawahusu akaenda mlangoni, akajilaza ubavuni mwa Nakijwa, ametulia kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Nakijwa akamuuliza bwana amefika wapi. Hayawahusu akasema ameshaingia uwandani.

Baada ya kitambo Nakijwa akauliza tena, sauti imepungua. Hayawahusu akasema anarudi, ameshaonekana mlimani. Uongo huo ndio pekee alioupata.

Mara ya tatu Nakijwa hakuuliza.

Mtachoka akalipata kubazi jua likiwa jekundu. Akatimka nalo, akamkuta Mbonea njiani na mganga, mguu wa kulia umechanika, kila hatua damu. Akaliweka mbele yake. Mbonea akaliruka, akapita. Walipofika nyumbani, Hayawahusu alikuwa bado amelala palepale, ameuegemeza mkono wa Nakijwa kichwani pake.

Wakazika. Watu wa ng'ambo ya bonde wakaja na marungu. Wakasema damu ya mbweha haina shukrani, na mbwa hao wauawe. Mbonea akasimama kwa mguu mmoja kati yao na mbwa. Akasema, "Aliyekuwa akiwapa mifupa ni mimi. Anzeni na mimi." Marungu yakashuka, watu wakarudi makwao.

Ndugu zangu, fundisho nawapa sasa, maana mwisho wa hadithi hii ni mfupi, na nikiufikia sitakuwa na sauti. Umpendaye mwachie viatu vyake. Na ukicheka kosa la leo, ujue umelilea, na kesho litakuja limekomaa siku usiyokuwa na kicheko.

Hadithi yangu nimeifikisha mlangoni. Mwenye kuitaka aingie nayo ndani, asiyeitaka aniachie nje.

Limebaki neno moja. Matanga yalipokwisha, mbwa walimwendea Mbonea pale alipoketi. Hawakurukaruka, hawakubweka. Mtachoka akamuuliza, "Bwana, safari hii utakaa nyumbani siku ngapi?"

"Zote."