Mpinzani wa Kuajiriwa

Palikuwa na rais aliyetaka aombwe. Mheshimiwa Mwinyikondo, rais wa kwanza wa Jamhuri ya Ukombe. Katiba mpya, wino haujakauka, ilisema atawale miaka mitano, basi, arudi kwao akafuge bata. Yeye akataka abaki mpaka wajukuu zake waote mvi. Lakini asiombe yeye. Aombwe. Tena aombwe na mpinzani.

Na mpinzani nani? Mimi hapa, Mtumweni, msuka vitanda vya kamba. Kitanda changu tembo analala na shemeji zake. Katiba ilitaka bungeni awepo mpinzani, na wageni wa nje walikuja kuangalia kama yupo kweli. Basi watu wa rais wakatafuta mtu mwenye sauti kubwa na moyo mdogo. Hawakuvuka hata mtaa wetu.

"Utapinga madogo," rais akaniambia. "Nikisema kuku, sema bata."

"Na makubwa, mzee?"

"Kwenye makubwa hukohoi."

Nikapinga, jamani. Nilipinga rangi ya mapazia mpaka vioo vikapasuka. Arabuni walinisikia. Kikao kikiisha, namfuata kwake kumuuliza kesho nipinge nini.

Miaka mitano ikafika ukingoni. Akaniita.

"Kesho nitasema nimechoka, naondoka. Wewe simama upinge. Sema nchi itakufa bila mimi. Mpinzani akinililia nibaki, nani atasema nimeng'ang'ania?"

"Na nikisahau, mzee?"

"Jela imefagiliwa. Na kitanda kipo, umekisuka mwenyewe."

Hapo nilijuta. Vitanda vya serikali ndivyo nilivyovisukia kamba mbovu.

Nikarudi nyumbani, nikamweleza mke wangu, Mwanaidi. Hata macho hakuinua.

"Yule abaki? Kisima cha mtaa kakizungushia ua wake, maji nachota kwa kubisha hodi. Nenda kamlilie. Ukirudi, usije ukanililia mimi chakula."

Jela huku, njaa kule. Sikulala. Na mimi nikikosa usingizi, jogoo wa nchi nzima huchanganyikiwa.

Asubuhi bunge likajaa, wageni wamekaa mbele. Rais akafuta jicho kavu.

"Wananchi, miaka yangu imekwisha. Nimechoka. Naondoka."

Akanitazama. Nikasimama. Nilivyosafisha koo, watu walidhani ngoma imeingia.

"Mheshimiwa," nikasema, "tangu niingie humu sijakubaliana na wewe hata kwenye salamu."

Akaitikia kwa kichwa, kafurahi.

"Leo naunga mkono."

Makofi yakapigwa mpaka vumbi la darini likatushukia. Wageni wakainuka, wakapanga foleni kumpa rais mkono wa kwaheri. Angesema nini? Kwamba alikuwa anatania? Alipomaliza nao akanijia, akanikumbatia, meno yote nje, akaninong'oneza sikioni:

"Mshenzi wewe. Nilikuweka hapa unipinge."

"Si ndiyo nimekupinga, mzee? Wewe ulitaka kubaki."