Kiti cha Kinyonga Asiye na Mkia

Kamba ya katani ilikuwa imefika nusu ya kiti. Bi Filomena aliipitisha chini ya ubao, akaivuta, akaikaza kwa kidole gumba, kisha akamwashiria mjukuu wake Prisila aachie kidogo. Prisila alikuwa ameshika bonge la kamba mapajani. Upande wa pili wa baraza aliketi Deo, kijana wa Kambi ya Bondeni, ambaye alikuwa amekuja kuuliza kiti kitakuwa tayari lini, akajikuta amepewa kazi ya kulowanisha kamba kwenye beseni.

"Bibi," Prisila alisema, "leo tumechekwa kule kwenye mashine ya kusaga."

"Mmechekwa na nani?"

"Na watu wazima wote. Mimi na Deo tulikuwa tunabishana. Yeye anasema Wamakonde wa hapa ndio wenye mali, tuna nyumba za matofali na watoto walioajiriwa. Mimi nikamwambia mali wanayo Warundi, wana maduka mawili, wana pikipiki, na maziwa hawanunui. Mzee mmoja kwenye foleni akatusikiliza weee, mwisho akasema, 'Kiti cha mgeni si mali ya nyumba.' Basi wakaangua kicheko. Sisi tukabaki tunatazamana."

"Mimi nilicheka pia," alisema Deo, "ila sikujua ninacheka nini."

Bi Filomena aliacha kuvuta kamba. Alipitisha kiganja juu ya egemeo la kiti, pale palipochongwa kinyonga anayepanda tawi. Kinyonga huyo alikuwa na macho, miguu na mgongo wenye mikunjo, lakini mkia hakuwa nao.

"Kiti cha mgeni si mali ya nyumba," alirudia taratibu, kama mtu anayeitika jina lake. "Methali hii haikutoka mbali, wajukuu zangu. Ilizaliwa hapa hapa Mlangawe, na chanzo chake ni hiki ninachokiwamba. Sogezeni jamvi."

Enzi za katani, shamba la Mlangawe lilikuwa na kambi mbili. Kambi ya Juu walikaa Wamakonde, ambao wazee wao walivuka mto Ruvuma kwa miguu wakitoka Msumbiji kuja kukata mkonge. Kambi ya Bondeni walikaa Warundi, ambao wazee wao waliletwa kutoka Urundi kwa malori na treni, kila mmoja na namba yake. Wote waliitwa manamba. Walichomwa na miiba ile ile, wakasikia kengele ile ile ya alfajiri, na walipozeeka wote waligundua kwamba kurudi walikotoka kumekuwa mbali kuliko kubaki. Wakabaki. Watoto na wajukuu wakazaliwa hapo, wakijua mlio wa mashine ya kusindika kabla ya kujua wimbo wowote.

Bi Filomena aliukumbuka mlio ule mpaka leo. Ulipokoma, mwaka ambao shamba lilifungwa, watu walikaa siku kadhaa wakiongea kwa sauti ya juu, kwa mazoea tu ya kushindana nao.

Mwaka huo Filomena alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliishi na mama yake, Bi Anjelina, nyumba ya mwisho ya Kambi ya Juu. Baba yake, Atanasi, alikuwa mchongaji. Alifariki akawaachia nyumba ya udongo, patasi tatu na kiti kimoja cha mninga chenye mikono. Mama alikuwa na nyonga mbovu. Masika yaliyopita alianguka na ndoo katika mteremko wa mto, akalala hapo mpaka Filomena alipomkuta, na ndoo bado ameishika. Tangu siku hiyo alitembea akijivuta upande. Hata hivyo aliendelea kwenda mtoni, maana alikuwa mtu wa kuona haya kunywa maji aliyotekewa. Filomena hakutamani kitu kingine duniani ila maji yaje karibu kabla mama hajaanguka mara ya pili.

Sasa, Kambi ya Juu walikuwa na desturi yao. Inasemekana mwaka wa kwanza wa wazee wao pale, msimamizi mmoja alipita akawakuta wameketi chini, akasema watu hawa msiwasumbue kwa viti, wamezoea vumbi. Neno lile liliwachoma. Wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo mgeni wa Kambi ya Juu haketi chini. Mwenye kiti akitoe, asiye nacho akikimbilie. Na kwa kuwa kiti kizuri kilikuwa kimoja tu, cha Atanasi, hicho ndicho kilichokimbiliwa. Kilihudhuria posa zote na matanga yote. Mkia wa kinyonga ulivunjikia katika mlango wa jiko la Rozalia, jirani yao, siku padri alipokuja bila taarifa.

Miezi michache baada ya shamba kufungwa, alikuja bwana mmoja kutoka wilayani, jina lake Semkiwa. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisema, "Nimekuja kuona mnavyoishi." Hakusema zaidi. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba watu wakitajiwa msaada huficha hata sufuria, kwa hiyo hakutaja msaada.

Basi akaanza nyumba ya kwanza ya Kambi ya Juu. Kiti kikaletwa. Vikaletwa vikombe sita vyenye mstari mwekundu vya mke wa katekista, na saa ya mezani ya fundi cherehani. Bwana Semkiwa akaketi, akanywa chai, akauliza, akaandika, akashukuru. Alipokuwa anaagana mlango wa mbele, Filomena na Rozalia walikuwa wameshatoka na kiti mlango wa nyuma, wanapita kwenye uzio wa minyaa wameinama, mmoja huku mmoja kule, na msichana mwingine nyuma yao na vikombe ndani ya kanga.

"Polepole, shoga, unanivunja vidole!" Rozalia alinong'ona.

"Kimbia, anakuja! Yule hazungumzi na mtu njiani."

Nyumba ya pili, ya tatu, ya kumi. Nyumba ishirini na sita. Kufika nyumba ya kumi na nne, Bwana Semkiwa hakuweza tena kunywa chai, akawa anakishika tu kikombe kwa heshima. Katika nyumba moja alijiinua kidogo, akakigusa kiti, akasema, "Viti vya kambi hii vina joto." Mwenye nyumba akajibu, "Ni jua la dirishani, bwana." Nyumba ile haikuwa na dirisha.

Wasichana walicheka siku ile mpaka wakaumwa mbavu. Hakuna aliyedhani anadanganya. Walikuwa wanampa mgeni heshima yake.

Kesho yake Bwana Semkiwa alishuka Bondeni. Huko hawakukimbiza kitu. Alikaribishwa juu ya ngozi, akapewa maziwa katika kibuyu, akafikiri yamenunuliwa. Mkubwa wa kambi alikuwa Mzee Ntirampeba, mrefu, mwenye fimbo iliyong'arishwa na mkono.

"Mzee, una ng'ombe wangapi?" aliuliza Bwana Semkiwa.

Kwa wazee wale wa Bondeni, mtu hahesabu ng'ombe wake kwa mdomo. Ni kama kuuliza watoto wa mtu watakufa lini. Mzee akatabasamu, akajibu kama baba yake alivyomfundisha kujibu: "Mwanangu, mimi nina fimbo tu."

Bwana Semkiwa akaandika: fimbo moja. Akatazama zizi, hakuona kitu. Ng'ombe wa Bondeni walikuwa mbali, nyikani, kwa marafiki. Warundi wale walikuwa na ada ya kumpa mwenzako ng'ombe amtunze, naye akupe wake, ili ukame au ugonjwa usimkute mtu mmoja na ng'ombe wake wote. Lakini hilo hakuliuliza, na mtu haelezi asiloulizwa.

Baada ya wiki tatu aliwaita watu wote kwenye banda la zamani la kupimia katani. Hapo ndipo alipotaja bomba. Lilikuwa moja tu, la maji safi, na lilikuwa la kambi yenye dhiki zaidi. Filomena alimshika mama yake mkono. Bwana Semkiwa akafungua karatasi.

"Kambi ya Bondeni," alisoma, "hawana viti, hawana vyombo vya kuonekana, hawana mifugo. Mkubwa wao ana fimbo. Kambi ya Juu, kila nyumba niliyoingia ina kiti cha mninga chenye mikono, vikombe sita vya kufanana, na saa." Akainua macho. "Na nimependa sana usanii wao. Kila kiti kina kinyonga, na kila kinyonga hana mkia. Nadhani ni desturi ya kabila."

Kicheko kilianza nyuma, kikafa hapo hapo, kwa sababu watu walianza kuelewa bomba linakwenda wapi.

Filomena alitazama nyonga ya mama yake. Kisha akatazama watu wa kambi yake, ishirini na sita wenye nyumba, wote wameangalia chini. Akisema, atawaaibisha wote. Asiposema, mama atateremka mtoni tena masika yajayo. Akasimama.

"Bwana, ni kiti kimoja."

"Kimoja vipi, binti?"

"Kila kiti ulichokalia ni hicho kimoja. Alikichonga baba yangu. Tulikuwa tunakukimbizia kwa nyuma."

"Filomena!" Rozalia alimvuta gauni. "Umetuvua nguo mbele za watu!"

Bwana Semkiwa alivua miwani. "Lakini mimi niliketi, binti. Nyumba ishirini na sita, niliketi kwa makalio yangu haya."

"Uliketi, bwana. Kwetu mgeni lazima aketi. Lakini kiti cha mgeni si mali ya nyumba."

Bi Anjelina alijifunika uso kwa upindo wa kanga. Mzee mmoja wa Kambi ya Juu akatoka nje bila kuaga.

Mzee Ntirampeba angeweza kunyamaza. Bomba lilikuwa tayari mkononi mwake. Watu wa kambi yake walimtazama kwa macho yaliyosema, kaa, mzee, kaa tu. Lakini akainuka, akaenda mbele, akaweka fimbo yake juu ya karatasi.

"Bwana, binti huyu amesimama peke yake, na mimi nina miguu. Uliniuliza, nikasema nina fimbo. Hukuniuliza fimbo inachunga nini."

"Inachunga nini, mzee?"

"Siwezi kukutajia idadi. Ila maziwa uliyokunywa hayakununuliwa."

Sasa ndipo watu walipocheka, kambi zote mbili, hata yule aliyetoka nje akachungulia kuona kuna nini. Bwana Semkiwa alitazama karatasi zake muda mrefu. Mtu asimlaumu. Aliandika alichokiona, na aliandika vizuri. Akazikunja, akauliza, "Basi niambieni ninyi wenyewe, nani mwenye dhiki zaidi?"

Kila kambi ikaitazama nyingine, naye akaondoka na karatasi zake.

Bomba halikuja mwezi ule, wala mwaka ule. Lilikuja baada ya miaka miwili, likawekwa katikati, pale njia mbili zinapokutana, mahali ambapo Wamakonde walilalamika kwamba ni chini mno na Warundi kwamba ni juu mno. Bi Anjelina aliliwahi kiangazi kimoja tu. Kila asubuhi alikwenda na kindoo kidogo, akijivuta upande, akakaa hapo akipiga soga na wanawake wa Bondeni mpaka jua likawa kali. Alikufa kitandani, mvua za vuli zilipoanza. Na kila Mzee Ntirampeba alipopita bombani akasikia mtu anajisifia au anamsema mwenzake kwa alichonacho, aliinua fimbo na kusema kwa lafudhi yake, "Kiti cha mgeni si mali ya nyumba!" Hivyo neno likatembea, likavuka shamba, mpaka watu wasiojua kinyonga wala fimbo wakawa wanalisema.

Bi Filomena aliikaza kamba iliyolegea wakati akisimulia. Deo alikuwa amesahau beseni.

"Mama yako alikukasirikia, Bibi?" aliuliza Prisila.

"Hakusema neno njia nzima. Tulipofika nyumbani akasema, 'Baba yako angecheka sana kuhusu ule mkia.' Basi."

"Lakini Bibi, hukutujibu," alisema Deo. "Walikuwa na mali nani? Ninyi au sisi?"

Bi Filomena alipitisha kamba katika tundu jingine.

"Ng'ombe wa Ntirampeba, nusu walikuwa wa rafiki zake, na wake walikuwa kwa watu. Kiti hiki nusu ya maisha yake kimekaa nyumba zisizo zetu. Kila nikitaka kupima cha mmoja, naona mkono wangu umeshika cha mwingine. Bado naliwaza, mjukuu wangu. Ukilimaliza wewe, uje uniambie."

Kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika kwenye beseni. Macho yake hayakuona tena vizuri matundu ya ubao. Alifunga fundo mwishoni mwa kamba ili isifumuke, akakiegemeza kiti ukutani, nusu yake imewambwa, nusu wazi.

"Nitaendelea kesho. Jumamosi kitakuwa tayari. Deo, wakwe wa dada yako wanakuja saa ngapi?"

"Saa nne," alisema Deo. Alikitazama kiti, kisha kinyonga. Uso wake ukabadilika polepole. "Bibi, wataketi hapa, watadhani ni chetu."

"Wataketi. Na wewe utanyamaza, mgeni ale chakula chake kwa amani."

Deo alimwaga maji ya beseni kwenye mchicha, akaifuta mikono kwenye suruali. Alipofika njia inayoshukia Bondeni, walimsikia akisema, si kwa sauti kubwa, kama mtu anayejaribu kiatu kipya:

"Kiti cha mgeni si mali ya nyumba."