Kibuyu Kimya cha Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Aa, sauti gani hiyo, mnaumwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na ghala moja. Kila mmoja alitundika humo kibuyu chake cha mbegu, kimechorwa alama yake. Kibuyu chako kikiwemo, mvua ikikaribia unapimiwa shamba. Kisipokuwemo, hupati. Sheria ndiyo hiyo, basi.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Kanga alikuwa na vifaranga saba, wanalia njaa, pii! pii! pii! Mama wa watu angefanya nini? Akawamiminia mbegu zote, wakala. Kibuyu akakirudisha pale pale.

Mawingu yakaja. Mlinzi wa ghala, Bibi Kindi, alikuwa anaumwa mguu. Akamtuma Ngiri. "Mwanangu, katazame nani yumo, nani hayumo."

Wanyama wakajipanga mlangoni. Lakini Ngiri na uvivu wake, ainue shingo? Thubutu! Akavigonga vibuyu kwa pembe zake. Choko choko! "Sungura yumo!" Choko choko! "Digidigi yumo!" Akagonga cha Kanga. Kimya.

"Kanga hayumo! Futa!"

Kanga akaingiwa na hofu. "Kaka Ngiri, kibuyu changu si hicho, chenye madoa? Ukinifuta, wanangu watakula nini?"

"Umekisikia kikilia?"

"Ni kitupu, kweli. Lakini kipo!"

"Mama, usinichoshe. Kisicholia hakipo."

"Haya. Gonga na chako."

Ngiri akacheka, akagonga. Kimya. Akagonga tena, ko! ko! Kimya. Hee! Kumbe mbegu zake alishazitafuna zamani, kwa siri! Watu wakaangua kicheko, Digidigi akakaa chini kabisa. Wakapaza sauti wote: "Ngiri hayumo! Futa!"

Jasho likamtoka. "Jamani, kibuyu changu kipo, si mnakiona!"

"Tunakiona," akasema Kanga. "Na changu?"

Ngiri akainua shingo. Akatazama. "Kipo," akasema kwa sauti ndogo.

Kanga akapimiwa shamba. Sungura akamtilia konzi ya mtama, Digidigi naye konzi. Kanga akagawa ule mtama, nusu akampa Ngiri. Mimi nisingempa hata punje!

Sasa sikieni, hasa nyie wakubwa mnaojifanya kusinzia: ukitumwa kutazama kama mtu yumo, tazama kama yumo. Usipime alichonacho. Asiye na kitu naye yumo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayebisha akamuulize Ngiri.