Mfuo Mmoja Barabarani

Barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko ilikuwa imenyamaza. Miaka yote watu wa kando yake walilala na kuamka kwa ngurumo za malori ya mafuta yaliyoelekea Sudani Kusini, hata watoto wachanga wakabembelezwa nazo. Sasa ilipita wiki nzima bila gari hata moja, na ukimya ulioachwa nyuma ulikuwa mzito kama mtungi uliojaa maji. Mbuzi walilala katikati ya lami mchana kutwa. Mara kwa mara mtu aliacha jembe, akainua kichwa na kusema, "Lori hilo linakuja." Wenzake walitega sikio, na wote wakalisikia likinguruma mbali, upande wa Maracha. Wakasubiri. Halikutokea.

Koboko mjini, mbele ya kituo cha mafuta kilichofungwa, foleni ya madumu ilianzia kwenye pampu ikapinda kona mbili. Kila dumu lilikuwa na jina la mwenyewe limeandikwa kwa makaa. Wenyewe walikwisha kwenda zao, wengine hata walikuwa wamehama, lakini hakuna aliyethubutu kuondoa dumu la mwenzake. Yalisimama hapo kwa jua na mvua, kama watu waliokuja matangani wakasahauliwa.

Candiru alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja kando ya barabara hiyo, kilomita arobaini kutoka Arua. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mrefu, mwenye kauli moja. Redio ilipotangaza kwamba huu haukuwa uhaba wa kupita, kwamba visima vya mbali vilikuwa vikikauka na kila mwezi yangekuja mafuta pungufu kuliko mwezi uliotangulia, watu walimjia yeye kuuliza la kufanya. Mashine ya kusaga ilizimwa, wanawake wakarudia mawe ya kusagia. Chumvi ikawa adimu kama maziwa ya kuku. Gari la dawa likaacha kuja. Kisha watu wakaanza kutazamana kwa pembe za macho, na waliotazamwa zaidi walikuwa wageni.

Ndipo sauti ikaanza. Ilisikika alfajiri za Jumatatu, ukungu ukiwa umeshuka hata huoni mkono wako. Kwanza ulikuja mlio wa kukwaruza, kama mlango mkubwa wa mbao unaofunguliwa polepole. Kisha mlio uligeuka mvumo, ukateremka mlima kwa kasi kuliko mbio za binadamu, ukapita mbele ya nyumba zao na kupotelea bondeni. Kulipopambazuka, watu waliona kwenye vumbi la kando ya lami mfuo mmoja umenyooka kama uzi. Haukuwa wa gari, kwa kuwa gari huacha mifuo miwili. Haukuwa wa baiskeli, kwa kuwa ulikuwa mpana kama kiganja. Na kwa urefu wote wa mteremko ule, hapakuwa na unyayo hata mmoja kandoni mwake.

Aliyetaja jina kwanza alikuwa Sunday, mwendesha bodaboda ambaye pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa chumbani tangu mafuta yalipoisha. Alisema mfuo ule ulianzia kwenye ua wa Landry, Mkongo aliyehamia kijijini miezi miwili iliyopita. Ni kweli kwamba Landry aliishi peke yake nyuma ya ua wa mabua, na mchana kutwa ilisikika humo tezo ikichonga mti. Hakuna aliyejua alichonga nini. Tena chumvi yake haikuisha.

"Mafuta yanaisha, na kitu kinatembea bila mafuta," Sunday alisema mkutanoni. "Kinakula nini? Mwenyekiti, tusingoje kitujibu chenyewe."

Candiru hakuamini sana, lakini pia hakukanusha. Aliogopa kuonekana anamkumbatia mgeni wakati wenyeji wana dhiki. Akaandika barua ya kumtaka Landry aondoke ifikapo Ijumaa, akaigonga muhuri, akaipeleka mwenyewe.

Landry aliisoma akiwa amesimama langoni. Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, viganja vimejaa sugu. Nyuma yake palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa turubai, na chini ya turubai zilichomoza ncha mbili kama pembe. Kwa kuwa yeye hakujua Kilugbara, wala Candiru hakujua Kifaransa, walizungumza Kiswahili, kila mmoja kwa namna ya kwao.

"Mama mwenyekiti, nimefanya mubaya gani?"

"Watu iko na woga," Candiru alijibu. "Wewe iko nachonga nini kila siku?"

Landry alitazama barabara kwanza. "Kule kwetu, mutu mwenye kuwa na chombo cha kubeba vitu, waaskari wanamukamata, wanamubebesha masanduku ya risasi mpaka anakufa. Ndugu yangu alikufia mu njia vile. Njo maana nafichaka."

Candiru angeweza kumwambia afunue turubai. Hakumwambia. Pembe zile mbili zilimsisimua mwili, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Alhamisi asubuhi na mapema, mumewe Angelo alikuwa shambani akikusanya ufuta, akashika tita lililolaliwa na kifutu. Nyoka alimgonga kiganjani. Alipofikishwa nyumbani, mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko, ngozi imekaza na kung'aa kama ya ngoma. Betty, muuguzi wa zahanati ya jirani, aliutazama, kisha akamvuta Candiru kando.

"Dawa ya sumu hii imetuishia, na gari halikuja," alisema. "Nimepiga simu Arua, wanayo. Lakini ni lazima afike leo, mama."

Candiru alikimbia kwa Sunday. Sunday alifungua kifuniko cha tangi, akaitikisa pikipiki, wote wawili wakasikiliza. Hapakuwa na hata tone. Ililetwa baiskeli, lakini Angelo, mtu wa miraba minne, alikuwa ameanza kulegea na kutapika. Mara mbili walimkalisha, mara mbili akaporomoka. Wanaume wakasema wamchukue kwa machela, kisha kila mmoja akaanza kuzipima moyoni zile kilomita arobaini za kupanda.

Hapo ndipo ukungu, uliokuwa bado haujainuka, ulipotoa mlio wa kukwaruza.

Watu walirudi nyuma kwa pamoja. Mwanamke mmoja akaanza kusali. Candiru hakurudi nyuma, si kwa ushujaa, ila kwa kuwa kichwa cha mumewe kilikuwa mapajani mwake. Aliona pembe kwanza, mbili, zikipasua ukungu; kisha shingo ya mti; kisha Landry, ameinama akisukuma.

Kilikuwa chombo cha mbao tupu. Kilikuwa na ubao mrefu wa kutosha mtu kulala, gurudumu moja mbele na moja nyuma, yote ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, na usukani uliochongwa kama pembe za ng'ombe. Kwao huitwa chukudu. Kila Jumatatu Landry alikwenda nacho Koboko kubadilisha viti alivyochonga kwa chumvi. Kwenye mteremko alipiga goti juu yake kikateremka chenyewe. Ndiyo sababu hapakuwa na nyayo.

"Nimesikia munalia," Landry alisema. "Mumulaze hapa. Mumufunge na nguo, asianguke."

"Wewe nataka kubeba yeye?" Candiru aliuliza. "Na ile barua?"

"Barua inasema Ijumaa, mama. Leo ni Alhamisi."

Landry alishika pembe, Candiru akasukuma nyuma. Kwa saa mbili za kwanza hawakukutana na mtu. Habari za sauti ile zilikuwa zimekwisha kuenea; kila kijiji kiliwasikia kabla ya kuwaona, na kila mlango ulifungwa. Walipita kando ya nyua zenye vyungu vinavyotokota mekoni, na hapakuwa na mpishi. Angelo aliweweseka. "Pisheni," alisema, macho yamemtoka. "Malori yanakuja. Mengi. Hayana taa." Candiru alisikiliza, na kwa dakika nzima aliyasikia na yeye, yakinguruma nyuma yao kwenye barabara tupu. Hakuthubutu kugeuka.

Kisha akasikia miguu ya mtu kweli. Alikuwa Sunday, anahema kama mvukuto.

"Nimeshindwa kukaa nyumbani, mama," alisema bila kumtazama, akaweka bega kwenye ubao.

Sunday alikuwa amebeba abiria kwenye barabara ile miaka minane. Hapakuwa na kijiji asikojulikana. Alianza kuita watu kwa majina yao mbele ya milango iliyofungwa. "Ni mimi, Sunday. Tuna mgonjwa. Tokeni mtusaidie." Mlango mmoja ulifunguka, kisha wa pili. Kuanzia Maracha, watu wa kila kijiji walisukuma hadi mwanzo wa kijiji kinachofuata, wakawakabidhi wenzao. Wengi walishika mbao zile kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa maiti, lakini walisukuma. Jua lilipoanza kuinama waliingia Arua, na Landry alipoachia usukani mlangoni mwa hospitali, ulikuwa umelowa damu ya viganja vyake.

Angelo alidungwa dawa, akalazwa.

Asubuhi iliyofuata, kabla hajajua kama mumewe angeishi, Candiru alimkuta Landry barazani akikaza gurudumu.

"Natoka, mama. Ni Ijumaa. Nitapita ku mupaka wa Vurra nirudie kwetu."

Candiru hakuwa amewahi kumwomba mtu radhi mbele za watu. Alipiga magoti kwenye saruji, kama mwanamke wa kwao anavyompigia mkubwa wake.

"Ile barua mimi naandika na mkono yangu," alisema. "Mimi nakosa. Lori hapana kuja tena. Kama wewe nakwenda, watu yangu nabaki na nini?"

Landry aliacha kukaza gurudumu. "Na waaskari, hawatakuja?"

"Mimi hapana jua," Candiru alisema ukweli. "Lakini wakikuja, wao nakuta mimi kwanza, mbele ya lango yako."

Landry hakwenda Vurra.

Siku tatu Angelo alikuwa kati ya kwenda na kubaki. Siku ya nne aliomba uji. Vidole viwili vilikatwa, mkono ukabaki. Mafuta hayakurudi kama zamani, wala hakuna aliyedai kwamba yangerudi. Lakini mwaka ulipogeuka, chukudu tisa zilikuwa zikipeleka dawa na chumvi kutoka Arua hadi Koboko. Sunday alikuwa wa kwanza kufundishwa kuzichonga. Na Angelo akiulizwa alipona kwa dawa gani, hujibu kwamba dawa ilikuwepo Arua siku zote. Aliyekosekana ni wa kumfikisha, na mtu huyo nusura wamfukuze kwa barua yenye muhuri. Ama kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.