Firigisi ya Milembe

Hapo zamani, na msiende mbali, ni zamani hii ya juzi, simu zilikuwapo na kliniki ilikuwapo, huko Nzega aliishi Nyamizi, mke wa Mabula fundi baiskeli. Walikuwa na binti mmoja wa miaka mitatu, Milembe.

Milembe alikula vizuri, alilala vizuri, lakini hakusema. Ukimwita, hageuki. Ukimchekea, anatazama ukuta. Mapenzi yake yote yalikuwa kwa mifuniko ya sufuria: anauzungusha mmoja sakafuni, anautazama mpaka utulie, anaanza upya. Nyamizi alitamani kitu kimoja tu, mtoto wake amgeukie.

Mhudumu wa kliniki akamwambia, "Mama, huu ni usonji. Usimvute aje kwenye mchezo wako, ingia wewe kwenye wake. Anachofanya, fanya. Kisha nyamaza, umsubiri."

Basi Nyamizi akalala chini. Milembe akizungusha mfuniko, mama naye anazungusha. Milembe akipiga makofi, mama naye anapiga. Kisha ananyamaza, anasubiri. Asubuhi mifuniko, jioni mifuniko. Maharage yakaungua. Majirani wakachungulia dirishani, wakaulizana mgonjwa hasa ni yupi. Mwezi wa nne wa mchezo huo, Nyamizi alipousimamisha mfuniko wake, Milembe aliusukuma uendelee, akacheka. Nyamizi akalia mpaka kanga ikalowa.

Mabula akaona anaachwa nyuma. Akapindua baiskeli ya mteja uani, magurudumu juu, akazungusha la nyuma. Milembe akaja mbio. Mabula akalikamata gurudumu, akasema, "Moja... mbili..." akanyamaza. Alinyamaza mpaka mteja akauliza kama baiskeli yake imeshindikana. Ndipo Milembe akamtazama baba yake machoni, kwa mara ya kwanza. "Tatu!" Mabula akaliachia. Gurudumu likazunguka, na baba mtu akasahau kudai hela ya kazi.

Akabaki Bibi Kalunde, mama yake Mabula. Yeye kulala chini, hataki hata kusikia. "Nyumba gani hii, ugali unafunikwa kwa gazeti?" Siku moja Nyamizi alipokwenda bombani, bibi akakusanya mifuniko yote, akaipanga juu ya kabati. Milembe akaiona, hakuifikia. Akalia, akagaragara. Bibi akakaza roho. Mwishowe mtoto akanyanyuka, akamshika bibi mkono, akamvuta hadi kabatini, akasema, "Funiko!"

Bibi akapiga vigelegele hadi Nyamizi akaitua ndoo njiani, akakimbia. Alifurahi kupita kiasi, na papo hapo wivu ukamchoma. Neno alilolisubiri miezi yote hiyo lilisemwa yeye hayupo.

Jogoo akachinjwa. Katika ukoo ule firigisi huliwa na mkuu wa nyumba, wala haikatwi vipande. Lakini Mabula, kwa furaha, akaropoka mbele ya wageni: "Leo firigisi apewe aliyemleta Milembe kwetu, na ukoo wote umtambue hivyo!"

Bibi Kalunde akawa wa kwanza kunawa. "Ni yangu. Ninyi mlizungusha vitu, mimi nilizungumza na mtoto."

"Mama, wewe ulificha mifuniko kwa hasira!" Mabula akasema. "Kila siku naila kwa kuwa mimi ni mwanamume, leo nimeifanyia kazi. Milembe alinitazama mimi kwanza. Asingejua kutazama mtu, angekushikaje mkono?"

"Kwa hasira au kwa hiari, neno lilitoka," bibi akajibu. "Mngempa mifuniko mpaka aolewe, angeiomba kwa nini?"

Nyamizi alikuwa ameuinua upawa wenye firigisi. "Nyama sina haja nayo. Mimi ndiye niliyelala chini wakati baba Milembe ananicheka, nawe mama unanuna. Nilipoanza hapakuwa na macho wala neno, palikuwa na mgongo wa mtoto tu. Nataka mtu aliseme hilo."

Mgeni mmoja akakohoa. "Na Milembe mwenyewe? Kawalaza watu wazima chini, kamtoa bibi kitini, kasema alipotaka. Nani kamleta nani?"

Watu wakacheka, kisha wakamgeukia Nyamizi, maana upawa ulikuwa bado hewani na mkono wa Nyamizi ulianza kuchoka.

Haya, ninyi mnaocheka: firigisi ni moja na haikatwi. Upawa ungekuwa mkononi mwenu, mngempakulia nani?